Sura ya Saba: Mbwa Mzee Mezani kwa Daktari

Ukambani, mbwa mzee ni nadra kuliko watu wengi wanavyodhani. Miaka ya 1990 watafiti walichunguza mbwa wa vijijini Machakos, wilaya ambayo Makueni ilimegwa kutoka kwake mwaka wa 1992. Waligundua kwamba kitoto cha mbwa kilichozaliwa huko kilitarajiwa kuishi takriban miaka 3 na nusu kikiwa dume, na miaka 2 na nusu hivi kikiwa jike. Basi yule jike mwenye mvi puani anayelala chini ya ghala huko Kathonzweni au Mutomo, ambaye watoto wa nyumba walizaliwa wakamkuta, amevuka mengi. Amevuka magonjwa ya utotoni, kupe, nyoka, mitego ya vichakani, sumu iliyotegewa fisi, na kama kwao ni Emali au Makindu, amevuka pia malori ya barabara ya Mombasa. Amelinda mbuzi usiku na kufukuza nyani kwenye maembe mchana. Mbwa wa namna hiyo ana ujuzi wa boma ambao mbwa mchanga hawezi kununuliwa nao.

Siku anapoacha kula, jirani huwa na jibu tayari: ameshazeeka, mwache. Sikubaliani nalo hata kidogo. Uzee haujazi tumbo usaha, wala haumfanyi mbwa amalize karai la maji kisha arudi kutafuta jingine. Hayo ni magonjwa, na baadhi yake hutibika kwa kisu hata mbwa akiwa na miaka 10 au 12. Kwa maoni yangu, hatari kubwa kwa mbwa mzee haiko pale mezani. Iko katika siku zilizopotea kabla hajafikishwa kwa daktari, na katika saa za kwanza baada ya kushonwa. Vipindi hivyo viwili viko mikononi mwa mwenye mbwa kwa sehemu kubwa, ndiyo maana nimevipa nafasi kubwa katika sura hii.

Umri wenyewe hupatikana kwa mazungumzo, kwa kuwa kadi ya chanjo mara nyingi haipo au imeliwa na mchwa.

"Mama, huyu ana miaka mingapi?"

"Aliletwa hapa akiwa mdogo, daktari, mwaka ule kura ilirudiwa."

Kwa jibu hilo daktari anajua ni 2017. Mwingine atasema alizaliwa kijana wake wa pili alipomaliza darasa la nane, na hesabu itapatikana. Usione haya kujibu hivyo. Meno humsaidia daktari kukadiria umri wa mbwa mchanga, lakini ya mbwa mzee hudanganya: anayetafuna mifupa na mawe humaliza meno mapema, anayekula ugali laini hubaki nayo. Umri unatakiwa kwa sababu figo, ini na moyo vya mbwa mzee huiondoa dawa ya usingizi polepole, na daktari anayejua hilo hupunguza kipimo na kuongeza uangalizi.

Kinachomleta jike mzee kwenye kisu kuliko vyote ni usaha ndani ya kizazi. Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu ndio ugonjwa unaoua majike wazee kimyakimya vijijini, ilhali upasuaji wake ni wa kawaida. Jike wa mbwa hakomi hedhi kama mwanamke. Hata akiwa mkongwe bado hupata joto, na kila baada ya joto, mimba iwepo isiwepo, homoni huufanya ukuta wa kizazi unenepe na kujaa majimaji. Miaka inavyokwenda ukuta huo huharibika. Vijidudu vilivyopanda wakati mlango wa kizazi ulipokuwa wazi hupata mahali pa kuzaliana, na wiki 4 hadi 8 hivi baada ya joto kizazi kinaweza kuwa mfuko wa usaha. Huko Uswidi, ambako kwa desturi majike wengi huachwa na vizazi vyao, rekodi za bima zilionyesha kwamba karibu robo ya majike walikuwa wamepatwa na ugonjwa huu kabla ya kufikisha miaka 10. Majike wa Kitui na Makueni wengi nao wana vizazi vyao. Tofauti ni kwamba sasa wako wanaochanjwa na kulishwa vizuri, wakafikia umri ambao zamani hawakuufikia.

Mwenye mbwa huona kiu kwanza. Jike anakunywa kupita kiasi na kukojoa kila mahali, kisha anakataa chakula, anatapika, miguu ya nyuma inalegea. Wengine hutoa uchafu mzito wenye harufu chini ya mkia. Hao wana nafuu, maana usaha una njia. Wa kuogopewa ni yule ambaye mlango wa kizazi umefunga: hatoi kitu, ila tumbo linakua. Watu wa nyumbani hufurahi wakidhani amebeba mimba, wakamtengea gunia la kuzalia, na siku zinapita. Sumu inaingia kwenye damu, figo zinachoka, na kizazi kinaweza kupasuka. Sindano ya antibiotiki kutoka agroveti hutuliza homa siku mbili tatu, mbwa akala kidogo, nyumba ikapumua. Usaha lakini bado uko pale pale. Dawa ya kuaminika kwa jike mzee ni kukitoa kizazi chote pamoja na ovari, na kila siku ya kungoja humfanya awe mgonjwa dhaifu zaidi siku ya kulazwa mezani.

Mengine nitayapitia upesi. Vivimbe vya matiti hupatikana kwa kupapasa tumbo lote, titi kwa titi, mara moja kwa mwezi. Takriban nusu yake ni saratani mbaya, na uvimbe wa ukubwa wa punje ya ndengu huondolewa kwa kidonda kidogo kuliko ulioachwa hadi ukaburuza chini. Madume wazee hupata ngiri kando ya mkundu. Meno yaliyooza huwapata wote.

Kuna uvimbe mmoja ambao watu huupeleka kwa kisu wakati hauhitaji. Ni ule wa sehemu za siri, mwekundu, unaochanuka kama koliflawa na kudondosha damu, unaoonekana sana kwa mbwa wanaozurura. Huambukizwa kwa kupandana, na kinachohama ni seli zenyewe za saratani, kutoka mwili wa mbwa mmoja hadi wa mwingine. Wanasayansi wameufuatilia hadi kwa mbwa mmoja aliyeishi maelfu ya miaka iliyopita, pengine Asia, ambaye seli zake zingali hai katika mbwa wa leo duniani kote. Ukikatwa mara nyingi hurudi. Dawa ya vinkristini, sindano ya mshipani mara moja kwa wiki kwa wiki kadhaa, huuponya kwa mbwa wengi, wazee wakiwemo. Kwa hiyo mbwa wako akidondosha damu huko chini, uliza kwanza kama ni huo, kabla hujakubali apasuliwe.

Na kabla ya yote kuna tahadhari ambayo katika kaunti hizi mbili haina mjadala. Mbwa anayetokwa na mate, anayeshindwa kumeza, ambaye sauti yake imebadilika au tabia yake imegeuka ghafla, usitie mkono kinywani mwake kutafuta mfupa uliokwama. Huenda ni kichaa cha mbwa. Kenya ilipozindua mkakati wake wa kukitokomeza mwaka wa 2014, ikilenga kukimaliza kufikia 2030, Makueni na Kitui zilikuwa miongoni mwa kaunti za kwanza kuchaguliwa kuanzia, pamoja na Machakos, Kisumu na Siaya, kwa lengo la kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa mwaka hadi mwaka. Mbwa kuwa mzee hakumkingi. Mfunge mbali na watoto, mpigie daktari, na aliyeumwa aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo.

Sasa uamuzi. Sipendi swali la "ana miaka mingapi" liwe la mwisho kuulizwa. Napendelea kuuliza: wiki mbili kabla ya kuugua alikuwaje? Kama alikuwa akitembea hadi mtoni na kurudi, akila, akiwatambua watu na kubweka panapostahili, ana mwili wa kustahimili. Kama alikuwa tayari haoni, hainuki bila kushikwa, amekonda miezi mingi na uvimbe umefika mapafuni, kumpasua ni kumwongezea maumivu. Hapo daktari anaweza kumlaza kwa sindano, akasinzia akiwa amekumbatiwa na mtu anayemjua. Hilo nalo ni tunzo kwa mtumishi wa miaka mingi, na halifanani hata kidogo na rungu au sumu ambavyo mbwa wengi wazee hukutana navyo. Swali langu la pili ni la nyumbani: nani atakuwepo? Kama mbwa anaishi na bibi wa miaka 80 peke yake, na mvua za Novemba zimeanza na kila mwenye nguvu yuko shambani akipanda, mtu atafutwe kabla ya tarehe kupangwa. Upasuaji usio wa haraka, kama ule wa uvimbe mdogo wa titi, ningeupanga Juni au Julai. Kazi za shamba zimepungua na jua ni la upole. Kizazi chenye usaha hakina msimu. Huyo anakwenda leo.

Pesa ni kizingiti cha kweli na sitajifanya sikioni. Mwaka wa 2016 Makueni ilianzisha MakueniCare, kaya ikilipa shilingi 500 kwa mwaka ili watu wake watibiwe, na wengi walizoea wazo la kulipia ugonjwa kabla haujaja. Mbwa hana mpango wa aina hiyo. Lakini nyumba inayouza maembe au ndengu inaweza kutenga kidogo kila msimu kwa ajili ya mifugo yote, mbwa akiwa mmoja wao. Na uliza gharama yote mapema, pamoja na dripu, dawa za maumivu na safari ya kurudi kutolewa nyuzi, ili kazi isikwamie katikati.

Vijijini kila mtu anayechoma ng'ombe sindano huitwa daktari. Sheria ya mwaka wa 2011 inatofautisha: Bodi ya Madaktari wa Mifugo Kenya huwasajili madaktari wenye shahada, na huwaorodhesha wasaidizi wenye cheti au stashahada. Wasaidizi hao hufanya kazi kubwa na ya maana, hasa mahali ambapo daktari mmoja anahudumia eneo pana. Ila kufungua tumbo la mbwa mgonjwa wa miaka 11 ni kazi ya daktari mwenyewe. Kumwomba akuonyeshe nambari yake ya usajili si utovu wa adabu. Ofisi ya mifugo ya kaunti, Wote au mjini Kitui, itakuelekeza nani anafanya upasuaji wa mbwa na wapi. Tatizo likizidi uwezo wa hapo, kuna kliniki ya wanyama wadogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi kule Kabete, ingawa kutoka Kitui ni safari ya karibu kilomita 170 hadi Nairobi, kisha kulivuka jiji zima.

Ukifika, uliza mambo haya kwa heshima. Damu itapimwa? Hata kipimo kidogo cha wingi wa damu na hali ya figo humwambia daktari mengi, maana ugonjwa wa kupe unaweza kuwa umeinyonya damu bila wewe kujua. Atawekewa dripu kabla ya kisu? Jike mwenye usaha huwa amekaukiwa maji, na saa chache za dripu kabla ya dawa ya usingizi si muda uliopotea. Atalazwa kwa dawa gani? Zailazini na ketamini hutumika sana mashinani kwa kuwa ni nafuu na zinapatikana, lakini zailazini hupunguza mapigo ya moyo, na kwa mbwa mzee daktari makini hutafuta njia nyingine au hupunguza kipimo sana. Na swali ambalo watu husahau: atatazamwa na nani akiamka?

Swali hilo lina uzito wake. Uingereza, kati ya 2002 na 2004, watafiti waliwafuatilia mbwa wapatao 98,000 waliopewa dawa ya usingizi. Kati ya wenye afya, alikufa takriban mmoja katika 2,000. Kati ya wagonjwa, mmoja katika 75 hivi, na uzee uliongeza hatari. Lakini karibu nusu ya vifo havikutokea mezani. Vilitokea baada ya kazi kwisha, na saa 3 za kwanza ndizo zilizokuwa mbaya kuliko zote. Kama hivyo ndivyo ilivyokuwa katika kliniki zenye mashine na wauguzi, fikiria mbwa anayepakiwa kwenye boda akiwa bado anayumba, dakika 20 baada ya kushonwa, kwa sababu giza linaingia na nyumbani ni mbali. Omba abaki. Omba miadi ya asubuhi ili mchana wote uwe wa kuamkia, na kama kliniki ina mahali pa kulala, alale.

Usiku wa kuamkia upasuaji apewe chakula chepesi mapema, kisha asile tena, ila daktari akisema vingine. Maji aachiwe hadi asubuhi. Figo za mzee haziwezi kukaa kavu usiku kucha. Kumsafirisha, Probox iliyokodiwa na watu wawili watatu ni bora kuliko boda. Tangu barabara ya Kibwezi–Mutomo–Kitui iwekwe lami, safari za huko zimekuwa laini kuliko zamani, lakini kutoka bomani hadi kwenye lami bado ni mawe na makorongo. Mlaze juu ya gunia lililojazwa nyasi kavu, kwa maana viungo vyake vinauma hata kabla ya kisu. Mfunge mdomo kwa kitambaa akiwa na maumivu, hata kama hajawahi kuuma mtu tangu azaliwe. Kitambaa kitolewe mara tu akianza kutapika au kuhema.

Usiku wa kwanza nyumbani ni wa kukesha kwa zamu, kama kwa mgonjwa yeyote wa nyumba. Dawa ya usingizi huuondolea mwili uwezo wa kutunza joto, na usiku wa Julai huko Mbooni au Nunguni ni baridi ya kweli. Aingie ndani. Najua katika nyumba nyingi mbwa havuki kizingiti. Jikoni panatosha, kando ya mafiga yaliyopoa kiasi, mbali na moshi. Chupa ya maji ya uvuguvugu iliyofungwa kitambaa iwekwe karibu na mgongo, isiguse ngozi, maana akiwa amelewa dawa hatajiondoa hata ikimchoma. Mgeuze upande kila saa chache. Inua mdomo wake utazame ufizi: uwe wa waridi, na ukiubonyeza kwa kidole urudishe rangi ndani ya sekunde mbili hivi. Ukiwa mweupe kama karatasi, au tumbo likivimba, au damu ikichuruzika bila kukoma, mpigie daktari simu usiku huo huo. Mbwa mzee aliyeamka nusu huweza kulia, kutomtambua mtu, hata kung'ata. Ongea naye kwa sauti anayoijua, msogelee kutoka mbele, na watoto wakae mbali hadi asubuhi.

Maumivu yatibiwe kwa dawa aliyotoa daktari, na hiyo tu. Hapa watu wema huua. Brufen na diklofenaki zilizobaki za mzee wa nyumba hutoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo zake, na mbwa mzee hana figo za akiba. Panadol nayo isitolewe bila daktari kusema. Kidonda kisipakwe oili chafu, majivu wala chumvi. Kitazamwe mara mbili kwa siku, kikaushwe, kiachwe. Mbwa asikilambe: ndoo kuukuu ya plastiki iliyokatwa kitako, ikalainishwa kingo kwa kitambaa na kufungwa kwenye ukosi, hufanya kazi ya koni ya dukani, na kama kidonda kiko tumboni, fulana kuukuu ya mtoto husaidia. Nzi ndio adui mkubwa wa mchana. Kitui, kidonda kilichoachwa wazi kwenye joto hupata mabuu haraka mno, kwa hiyo alale mahali penye kivuli na upepo, chini ya kipande cha chandarua.

Chakula kirudi kidogo kidogo: uji mwepesi, yai lililochemshwa, supu ya nyama isiyo na chumvi wala kitunguu, kwa kuwa kitunguu huharibu damu ya mbwa. Muthokoi usubiri wiki ya pili, na mifupa iliyopikwa isimfikie kabisa. Maji safi yawepo muda wote, hata Septemba ambapo kila mtungi unaletwa na punda kutoka kwenye bwawa la mchanga. Atembezwe kwa kamba hatua chache, asubuhi na jioni, ili viungo visigande. Asiruke, asiende malishoni na mbuzi, na mbwa wengine wa boma wafungwe kwa zamu, kwani wachanga humjaribu mkubwa wao mara wanaponusa kwamba amedhoofika.

Nyuzi hutolewa kati ya siku ya 10 na ya 14, na kidonda cha mzee mara nyingi huhitaji hizo siku za mwisho. Siku hiyo usiende naye peke yake. Wapakie na binti zake kwenye Probox hiyo hiyo, wachanjwe kichaa, na umwulize daktari kuhusu kuwatoa vizazi sasa wakiwa na mwaka mmoja au miwili, wakati damu yao ni safi, figo zao ni nzima, na kazi yote haichukui hata saa moja.